Kipimo, Sikio na Kanda za Morogoro

Muziki wote unaohifadhiwa kwa njia ya dijitali, uwe katika simu, flashi, redio ya gari au mitambo ya kituo cha utangazaji, hupita katika kifaa kidogo kinachoweza kuitwa kigeuzi, ambacho kazi yake ni kugeuza umeme unaobeba sauti kuwa tarakimu, au kuzirudisha tarakimu hizo kuwa umeme wa kusukuma spika. Vigeuzi ni vya namna mbili: cha kuingizia, ambacho hupokea umeme kutoka maikrofoni au mashine ya kanda na kuuandika kwa tarakimu, na cha kutolea, ambacho huzisoma tarakimu na kuuzalisha umeme ule upya. Kwa miaka mingi wahandisi na wapenzi wa muziki wamevutana juu ya namna ya kuutambua ubora wa vifaa hivi, baadhi wakishikilia kwamba mashine za maabara zinatosha kusema kila kitu, na wengine wakisisitiza kwamba sikio ndilo hakimu, kwa kuwa muziki haukutungiwa mashine. Ubishi huo unaeleweka vizuri zaidi ukitazamwa kutoka Mgeta, katika miteremko ya magharibi ya milima ya Uluguru, wilayani Mvomero, kwa sababu maisha ya huko, urithi wa muziki wa Morogoro na sauti za misitu iliyo juu ya mashamba ya kabichi na karoti vinaonyesha jambo ambalo wabishi wengi hulipita: uzito wa kipimo si sawa kwa kigeuzi kinachoingiza sauti na kile kinachoitoa.

Sauti ni mabadiliko ya haraka ya mgandamizo wa hewa, na maikrofoni huyafanya mabadiliko hayo kuwa volteji inayopanda na kushuka. Kigeuzi cha kuingizia huipima volteji hiyo mara nyingi mno katika kila sekunde, na kila kipimo kimoja huitwa sampuli. Katika diski ya CD, iliyoingizwa sokoni mwaka 1982 na kampuni za Sony na Philips, huchukuliwa sampuli 44,100 kila sekunde kwa kila upande wa stirio, na kila sampuli huandikwa kwa biti 16, yaani kwa kuchagua ngazi moja kati ya ngazi 65,536. Watu wengi wakisikia habari hii hudhani kwamba kati ya sampuli moja na inayofuata kuna kipande cha muziki kilichoachwa, na kwamba wimbi linalotoka spikani limekatwakatwa. Dhana hiyo imeenea sana, na ndiyo inayouzia vifaa vingi vya bei kubwa, lakini si sahihi. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, akiendeleza kazi aliyoitoa Harry Nyquist mwaka 1928, alithibitisha katika andiko lake la mwaka 1949 kwamba wimbi lisilo na mitetemo inayofikia nusu ya idadi ya sampuli hurudi kama lilivyokuwa bila pengo lolote, kwa kuwa ni wimbi moja tu linaloweza kupita katika sampuli hizo zote. Kwa hiyo sampuli 44,100 hubeba mitetemo hadi takriban 22,000 kwa sekunde, ilhali sikio la kijana mwenye afya hukomea karibu na mitetemo 20,000, na la mtu mzima hurudi chini mwaka hadi mwaka. Biti nazo haziongezi utamu wa sauti kama inavyodhaniwa. Zikizidi, kinachopungua ni ile kelele ya chinichini inayotokana na kukadiria kila sampuli kwa ngazi iliyo karibu nayo.

Maabara hukipima kigeuzi kwa kukipa sauti moja safi, kwa kawaida yenye mitetemo 997 kwa sekunde, kisha kuchunguza kinachotoka. Hesabu hiyo haikuchaguliwa ovyo: 997 ni namba tasa, haigawanyiki kwa urahisi ndani ya idadi ya sampuli, na hivyo hukilazimisha kigeuzi kupita katika ngazi nyingi tofauti badala ya kurudia zilezile chache. Mashine huiondoa ile sauti safi na kuyapima masalia yote, yaani kelele pamoja na upotoshaji, ambao ni mitetemo mipya iliyozuliwa na kigeuzi chenyewe. Tofauti kati ya sauti safi na masalia hayo hutajwa kwa desibeli, kipimo cha ulinganifu ambacho kila 20 zake maana yake ni mara 10 ya volteji, kwa hiyo desibeli 60 ni mara 1,000, 100 ni mara 100,000 na 120 ni mara milioni moja. Vigeuzi bora vya kutolea vilivyoko sokoni leo huvuka desibeli 120, na hata vile vidogo vya bei ya chini, vinavyochomekwa kwenye simu isiyo na tundu la hedifoni, vingi hukaribia 100. Kanda ya sumaku ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo ndiyo iliyobeba karibu muziki wote wa dansi wa Tanzania wa wakati huo, yenyewe ilikuwa na nafasi ya desibeli 60 hadi 70 tu kati ya sauti kubwa na mvumo wake. Mtu anayesikiliza nakala ya kanda kama hiyo na kuamini kwamba kigeuzi cha desibeli 120 kimemfunulia kilichofichwa na kile cha desibeli 100 anazungumzia tofauti iliyozama chini kabisa ya mvumo wa kanda.

Hata hivyo kambi ya sikio haisemi upuuzi mtupu. Namba moja inayojumlisha masalia yote huficha mambo, kwa sababu sikio haliyasikii masalia yote kwa namna moja: upotoshaji ulio karibu na sauti kubwa hufunikwa na sauti hiyo usisikike, ilhali mlio mwembamba wenye ukubwa uleule, ukijitokeza peke yake kati ya wimbo na wimbo, humkera msikilizaji mara moja. Vigeuzi viwili vyenye namba moja vinaweza kwa hiyo kutofautiana mbele ya msikilizaji, hasa namba yenyewe ikiwa duni. Kosa la kambi ya sikio liko katika namna ya kusikiliza. Anayejua ni kifaa kipi kinacholia, bei yake na sifa zake, husikia pamoja na ujuzi huo, na hilo si udhaifu wa mtu mmoja mmoja wala dalili ya ulaghai, bali ndivyo ubongo wa binadamu unavyofanya kazi. Sauti iliyozidi kidogo tu kwa ukubwa nayo huonekana kuwa bora, safi na yenye uhai zaidi, bila msikilizaji kutambua kwamba kilichoongezeka ni ukubwa peke yake.

Jaribio la haki linahitaji basi mambo mawili, kulinganisha ukubwa na kuficha utambulisho, na yote mawili yamo ndani ya uwezo wa fundi simu yeyote wa Nyandira, hukohuko Mgeta, mwenye mita ya umeme ya kawaida. Fundi huweka sauti ya majaribio yenye mitetemo 50 au 100 kwa sekunde, kwa kuwa mita za bei nafuu zimetengenezwa kupima umeme wa majumbani wa mitetemo 50 na hukosea zikipewa mitetemo ya juu, kisha hupima volteji inayotoka katika kila kigeuzi kikiwa kimeunganishwa na spika zilezile. Lengo ni tofauti isiyozidi desibeli 0.1, ambayo ni kama asilimia 1.2 ya volteji, maana yake kifaa kimoja kikitoa volti 1.000, kingine kiwe kati ya 0.988 na 1.012. Baada ya hapo mtu mmoja hubadilisha vifaa nyuma ya pazia kwa kurusha sarafu, na msikilizaji husema kila mara ni kipi anachosikia. Katika zamu 16, anayebahatisha tu atapatia 12 au zaidi kwa nafasi isiyofikia 4 katika 100, na kwa hiyo atakayefika 12 amestahili kusikilizwa kwa makini, ilhali atakayepata 9 hajathibitisha lolote, hata kama moyoni anaapa kwamba tofauti ilikuwa kama usiku na mchana.

Majaribio ya namna hiyo yamefanywa kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambamo muziki uliorekodiwa kwa ubora wa juu kuliko CD ulisikilizwa moja kwa moja, kisha ukapitishwa katika jozi ya vigeuzi vya kuingizia na kutolea vya biti 16 na sampuli 44,100, ukubwa ukiwa umelinganishwa na msikilizaji hajui njia ipi inatumika. Katika zamu 554 wasikilizaji walipatia mara 276, yaani chini kidogo ya nusu, kiasi ambacho sarafu ingekitoa bila kusikiliza chochote, na tofauti ilijitokeza tu pale sauti ilipofunguliwa kupita kiasi katika sehemu tulivu, kelele ya biti 16 ikaanza kusikika. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London aliyakusanya majaribio 18 yenye jumla ya zamu zaidi ya 12,500 kuhusu muziki wenye sampuli nyingi kuliko za CD, akakuta wasikilizaji wakipatia asilimia 52.3, na waliofunzwa kwanza wakifanya vizuri zaidi. Matokeo hayo mawili yanapaswa kusomwa pamoja bila upendeleo: upo uwezekano wa tofauti ndogo kusikika kwa walionolewa, lakini tofauti hiyo iko mbali sana na sifa zinazomwagwa katika matangazo. Kipimo na sikio lililofumbwa macho, ukiyatazama yote, havigombani. Kinachogombana na kipimo ni sikio linalofanya kazi huku macho yakiitazama bei.

Kwa msikilizaji wa Mgeta, zaidi ya hayo, zipo sababu nyingine kubwa zinazoharibu muziki kabla ya kigeuzi kulaumiwa. Nyimbo nyingi hufika kijijini kwa kurushiwa kutoka simu hadi simu au kwa kuwekewa katika memori kadi mjini, zikiwa zimebanwa kwa mfumo wa MP3, ambao katika kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hubakiza chini ya sehemu moja ya kumi ya kilobiti 1,411 za CD. Mfumo huo ulibuniwa kwa ustadi mkubwa kutupa yale ambayo sikio haliyatambui, lakini faili likifunguliwa na kubanwa upya mara kadhaa, matoazi huanza kuchuruzika kama maji na sauti za waimbaji hupoteza ncha. Anayetumia spika ya blutuuthi naye hakitumii kabisa kigeuzi cha simu yake, kwa kuwa simu hutuma tarakimu hewani na spika yenyewe huzigeuza kwa kigeuzi chake, na hivyo kununua simu kwa sifa za kigeuzi chake ili kuiunganisha na spika hiyo ni fedha iliyopotea. Katika nyumba zinazotumia sola, simu inayochajiwa kwa chaja duni kupitia inveta, huku waya ukiwa umeiunganisha na sabufa inayotumia umeme uleule, mara nyingi huleta mvumo au mlio mwembamba unaokoma mara chaja inapochomolewa. Hitilafu hiyo haiwezi kuonekana katika karatasi ya maabara, kwa sababu maabara hukipima kigeuzi kikiwa kimelishwa umeme safi. Hapa sikio la mwenye nyumba limegundua jambo ambalo mashine haikuulizwa, ingawa mashine hiyohiyo, ikiletwa Mgeta na kuunganishwa kwa sola ileile, ingeionyesha hitilafu hiyo mara moja.

Kigeuzi cha kutolea kikiwa kibaya, hasara yake ni ya muda, kwa kuwa kesho kitabadilishwa na tarakimu zitabaki zilivyo. Kigeuzi cha kuingizia hakina msamaha wa namna hiyo, na hakuna mahali ambapo ukweli huu una uzito zaidi kuliko katika kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Tangu mwaka 1965 hadi miaka ya 1990, bendi za mikoani zilisafiri hadi studio za redio hiyo katika Barabara ya Pugu, ambayo sasa ni Barabara ya Nyerere, na kurekodi nyimbo zao katika kanda za rili. Mji wa Morogoro ulitoa sehemu kubwa ya utukufu huo: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, ambayo Mbaraka Mwinshehe alikuwa nguzo yake, ikaiwakilisha nchi katika maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, kabla ya yeye kuunda Super Volcano mwaka 1973 na kufariki katika ajali Mombasa Januari 1979. Sauti ya gitaa lake la solo haitarekodiwa tena. Kanda zilizoibeba zinachakaa, gundi inayoshika unga wa sumaku hufyonza unyevu wa pwani, na kuna kanda zinazoweza kuchezwa mara moja tu kabla ya unga huo kuanza kubanduka. Mashine ikichezesha kanda ya namna hiyo kwa mara ya mwisho, chochote ambacho kigeuzi hakikukiandika kimepotea, na chochote ambacho kigeuzi kimekizua kitadhaniwa na vizazi vijavyo kuwa ni cha Mbaraka.

Kwa sababu hiyo Chama cha Kimataifa cha Hifadhi za Sauti na Picha, kinachojulikana kwa kifupi kama IASA, katika mwongozo wake wa kuhifadhi sauti kwa dijitali, kimekitaja kigeuzi cha kuingizia kuwa kiungo nyeti kuliko vyote, kimependekeza biti 24 na sampuli zisizopungua 48,000 kwa sekunde, na kimeweka viwango ambavyo kifaa lazima kivifikie kwa mashine, si kwa kusifiwa. Ukali huo ni wa haki kabisa. Msikilizaji mwenye sikio zuri hawezi kuhakikisha kwa kusikiliza kwamba kigeuzi hakitaongeza hitilafu itakayojitokeza miaka 40 baadaye, mtu atakaposafisha mvumo wa kanda kwa programu ambazo leo hazijabuniwa na kuyainua yale yaliyokuwa yamefunikwa.

Hata hivyo mwenye kupima tu naye ataiharibu kanda. Mashine ya kanda ikichezeshwa kwa kasi isiyo yake, kigeuzi kitaliandika kosa hilo kwa uaminifu mkamilifu, na namba zake zote zitabaki safi. Anayeijua sauti ya Salum Abdallah ndiye atakayeshtuka kwamba sauti ya mwimbaji imekuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa. Hapo ndipo kipimo huitwa tena, kwa njia ya kupendeza kweli: mvumo wa umeme wa studio, uliojipenyeza katika kanda bila kukusudiwa, ulikuwa na mitetemo 50 kwa sekunde kama umeme wa nchi, na ukionekana sasa kuwa 52, kanda imechezwa kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 4, ambayo huupandisha wimbo kwa kama theluthi mbili ya nusu-toni, kiasi cha kutosha kulifanya gitaa lisipatane na ala yoyote ya leo. Kwa namna hiyohiyo pembe ya kichwa cha mashine hurekebishwa kwa kusikiliza matoazi hadi yang'ae, kisha huhakikishwa kwa chombo. Wenye ujuzi wa kazi hii hupokezana kati ya sikio na mita tangu asubuhi hadi jioni, wala hawaoni haja ya kuchagua upande.

Misitu iliyo juu ya Mgeta, inayopanda kuelekea uwanda wa Lukwangule, inaongeza jambo jingine, kwa kuwa huko msikilizaji si lazima awe binadamu. Mwaka 1936 wataalamu Barbara Lawrence na Sherwood Washburn walimweleza komba mdogo wa milimani kutokana na kielelezo kilichopatikana Bagilo, Uluguru, na tangu miaka ya 1990 watafiti wa komba wa Tanzania wamezitegemea sana sauti za usiku za wanyama hawa kutofautisha spishi zinazofanana mno kwa sura. Sauti hizo hurekodiwa na kugeuzwa kuwa picha zinazoonyesha mitetemo ikipanda na kushuka kwa wakati, na picha ya Uluguru hulinganishwa na ya milima mingine. Ulinganifu wa namna hiyo hauna maana kama saa za vigeuzi hazitembei sawa, na hapa dijitali imeleta nafuu kubwa, kwani kinasa sauti cha kaseti kiliweza kukosea kwa asilimia moja au zaidi, ilhali saa ya kigeuzi cha kawaida hukosea kwa sehemu chache tu katika kila 100,000. Popo wao hupiga kelele zinazovuka mitetemo 20,000 na mara nyingi 50,000 kwa sekunde, na kwa hiyo sampuli 384,000 za kinasa sauti kidogo kama AudioMoth, kilichotolewa mwaka 2017, ambazo katika wimbo wa dansi zingekuwa mzigo mtupu wa kujaza memori kadi, kwa mtafiti wa popo zina faida kubwa. Namba kubwa zinazotangazwa katika maduka ya muziki zina kazi ya kweli. Kazi hiyo ipo msituni usiku, na sebuleni haionekani.

Kati ya kanda za zamani na misitu zipo ngoma za Waluguru zinazopigwa leo, ambazo nyingi hurekodiwa kwa simu. Kigeuzi cha kuingizia kilichomo katika simu kwa kawaida kinatosha, lakini programu za kurekodi nyingi zina urekebishaji wa sauti unaojiendesha, ambao kila ngoma kubwa inapopigwa huishusha sauti yote kwa ghafla na kuipandisha polepole, hivi kwamba waimbaji huzama na kuibuka kwa kufuata mapigo, jambo ambalo hakuna aliyekuwapo uwanjani aliyelisikia. Ukisoma namba za kigeuzi hicho hutaliona kosa hilo, lakini ukiisikiliza rekodi mara moja kwa hedifoni utalitambua. Anayetaka kurekodi wazee wakiimba achague kwa hiyo programu inayoruhusu urekebishaji huo kuzimwa, ahifadhi faili la WAV la biti 24 na sampuli 48,000 ikiwa simu yake inaliweza, arekodi kwanza kwa nusu dakika pale ngoma inapolia kwa nguvu zaidi, na apunguze kiwango hadi mshale wa pigo kubwa ubaki desibeli 10 hadi 12 chini ya ukomo. Nafasi hiyo haipotezi chochote, kwa kuwa kelele za biti 24 ziko chini kabisa ya upepo na vicheko vya uwanjani, ilhali pigo lililovuka ukomo hukatwa kichwa na halirudishwi na programu yoyote. Nakala ya MP3 ya kurushiana itengenezwe baadaye, kutoka katika faili hilo, na faili lenyewe liwekwe sehemu mbili tofauti kabla simu haijafutwa ili kupata nafasi.